Kisu cha kutolea mifupa: faida ya steki hupotelea mfupani

Na Mwandishi Wetu, Makambako

MWENYE bucha anayenunua ng'ombe mzima hupiga hesabu nyingi kabla hajafungua mlango asubuhi. Kuna bei ya mnadani, usafiri, ushuru wa machinjio, ukaguzi wa nyama, pango la chumba na mshahara wa mkataji. Jambo moja mara nyingi halimo kwenye hesabu hiyo: mnofu unaouzwa kwa bei ya mfupa kwa sababu kisu kilishindwa kuufikia.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia kifaa kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu kama uwekezaji, yaani kisu cha kutolea mifupa cha mtindo wa zamani wa Kifaransa. Swali letu ni la kibiashara. Je, mhunzi wa Njombe au Makambako anaweza kukibuni na kukitengeneza kwa faida? Na je, mwenye bucha ana sababu ya kukinunua?

Jibu ni ndiyo kwa maswali yote mawili, lakini kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yanayoamua nani atapata faida na nani atapoteza mtaji wake.

HESABU YA NYAMA

Katika bucha nyingi za miji yetu, nyama hukatwa kwa shoka na panga juu ya gogo. Njia hii ni ya haraka na inamfaa mteja wa mchanganyiko, ambaye amezoea kilo yake iwe na mfupa ndani. Ubaya wake ni kwamba mfupa hupasuka na vipande vyake vidogo huingia kwenye nyama, na gogo lenyewe hunyonya damu na ni gumu kusafisha. Kwa sababu hiyo Bodi ya Nyama, iliyotokana na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, imekuwa ikiwahimiza wenye bucha waachane na magogo na mashoka.

Mnunuzi wa steki ni mtu mwingine. Huyu ni mwenye mgahawa, hoteli, baa au jiko la mishikaki, na anataka mnofu mtupu. Makambako ina sababu ya kuwa na wateja wa aina hii. Hapa ndipo barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma, na pia kuna stesheni ya reli ya TAZARA. Madereva na abiria wanaopita lazima wale.

Steki huuzwa kwa bei ya juu kuliko mchanganyiko, na wengi hudhani kwamba tofauti hiyo yote ni faida. Sivyo. Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei za mtaani kwake mahali pa bei zetu.

Tuseme mapaja mawili ya nyuma yana uzito wa kilo 60. Yakiuzwa yote kama mchanganyiko kwa sh. 10,000 kwa kilo, mauzo ni sh. 600,000. Sasa tuseme mkataji ameyatoa mifupa vizuri kabisa na kupata kilo 49 za mnofu na kilo 11 za mifupa. Mnofu kwa sh. 12,000 unaleta sh. 588,000, na mifupa ya supu kwa sh. 3,000 inaleta sh. 33,000. Jumla ni sh. 621,000. Steki imeongeza sh. 21,000.

Lakini mkataji mwenye kisu kibaya akiacha kilo 2 za mnofu kwenye mifupa, atauza kilo 47 za steki kwa sh. 564,000 na kilo 13 za mifupa kwa sh. 39,000. Jumla inashuka hadi sh. 603,000, na ongezeko lote ni sh. 3,000 tu. Akiacha kilo 2 na nusu, mauzo ni sh. 598,500, yaani amefanya kazi ya ziada ya saa nzima ili apate pungufu ya sh. 1,500 kuliko angeuza mchanganyiko.

Kwa bei hizi, kila kilo ya mnofu inayobaki mfupani inapoteza sh. 9,000. Faida ya steki basi haiko kwenye bei iliyoandikwa ukutani. Iko kwenye upana wa kilo 2 na ushee, na kinacholinda kilo hizo ni kisu pamoja na mkono unaokishika.

KISU CHENYEWE

Wafaransa hukiita désosseur, yaani kitoa mifupa. Ni kisu kifupi na chembamba, chenye mgongo ulionyooka, kipana kidogo karibu na mpini na kinachopungua taratibu hadi kwenye ncha kali. Hakipindi kama kisu cha samaki. Hakikusudiwi kukata mfupa bali kupita kando yake.

Kinafuata njia ya ukataji iliyo tofauti na ya shoka. Badala ya kukata paja kukingama, mchinjaji wa Kifaransa hufuata mstari unaotenganisha msuli mmoja na mwingine, kisha huzunguka mfupa na kuuvua nyama. Kila msuli hutoka mzima na huuzwa kwa kazi yake: wa kuchoma, wa kukaanga au wa kuchemsha. Wengi wao hukishika kisu hiki ncha ikitazama chini, kama mtu anavyoshika mchi, na kukivuta kuelekea kwao huku nyama ikiwa mezani au ikining'inia kwenye ndoano.

Kitovu cha visu vya Ufaransa ni Thiers, mji wa milimani katika eneo la Auvergne, ambao umekuwa ukitengeneza visu tangu zama za kati. Nguvu ya kuzungusha mawe ya kunolea ilitoka kwenye mto Durolle. Wanoaji wa zamani walilala kifudifudi juu ya ubao mbele ya jiwe, na katika baridi ya huko baadhi yao waliwalaza mbwa juu ya miguu yao ili wapate joto. Mkazi wa Njombe anayeijua baridi ya mwezi Juni na Julai hatashangaa.

Tunautaja mji huo kwa sababu ya kibiashara. Thiers ulijengeka juu ya karakana ndogo nyingi, kila moja ikijua hatua yake: kufua, kunoa, kuweka mpini. Utaratibu wa namna hiyo unafaa mahali ambapo mtaji ni mdogo na fundi ni wengi.

VIPIMO VYA KUFAA HAPA

Kisu cha Ufaransa kikinakiliwa kama kilivyo kinaweza kisifae. Mbunifu wa hapa aanze na ng'ombe wa hapa. Zebu wetu ni mdogo kuliko ng'ombe wa nyama wa Ulaya, na mara nyingi huchinjwa akiwa na umri mkubwa, hivyo kano na viungo vyake ni vigumu. Kwa kazi hiyo bapa la sentimeta 14 au 15 linatosha. Refu zaidi ya hapo, ncha inakuwa mbali na mkono na mkataji hawezi kuiongoza ndani ya kiungo cha nyonga.

Upana karibu na mpini uwe sentimeta 2.5 hadi 3. Kisu kinachonolewa kila siku kinaliwa na jiwe. Kikianza chembamba mno, baada ya muda mfupi kitakuwa kama msumari. Unene wa mgongo uwe milimeta 3 karibu na mpini, ukipungua hadi milimeta 1.5 kwenye ncha. Makali yanolewe pande zote mbili kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Makali membamba kuliko hayo yatakatika yakigusa mfupa, na manene kuliko hayo yatamlazimisha mkataji kutumia nguvu. Kisu butu kinachosukumwa kwa nguvu ndicho kinachoteleza.

Jambo linalowashinda waigaji wengi ni noleo, ule unene wa chuma unaokaa kati ya bapa na mpini. Kwenye kisu cha zamani cha Kifaransa noleo hufuliwa kutoka chuma kile kile cha bapa, na mara nyingi hushuka mpaka kwenye makali. Linapendeza, na linauzuia mkono usitelezee mbele. Lakini makali yanapopungua kwa kunolewa, noleo halipungui, na baada ya muda sehemu ya nyuma ya bapa haigusi tena ubao. Mhunzi afanye noleo fupi lisilofika kwenye makali. Ataokoa mkaa na muda wa kufua, na mteja ataweza kunoa bapa lote hadi mwisho.

CHUMA

Uhunzi si jambo la kuletwa katika mkoa huu. Wakinga wa milima ya Makete na Wapangwa wa Ludewa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe kabla ya majembe ya viwandani kufika, na majembe ya Wakinga yaliuzwa hadi kwa Wanyakyusa. Ludewa pia ndiko yaliko mashapo ya Liganga, yanayotajwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma. Mwekezaji mdogo asichanganye mambo hayo mawili. Kisu cha bucha hakihitaji kusubiri Liganga. Chuma chake kipo kwenye gereji za barabarani.

Chuma kinachofaa ni spiringi za magari. Chuma hiki huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi kinachotosha kushika makali na kubaki kigumu kuvunjika. Nondo nyingi za ujenzi hazifai kwa sababu kaboni yake ni ndogo mno. Tupa la zamani lina kaboni inayofikia au kupita asilimia 1 na hushika makali sana, lakini hukatika kama kigae likipindishwa ndani ya kiungo.

Mhunzi ana mambo matatu ya kuangalia anaponunua. La kwanza ni unene. Spiringi ya lori inaweza kuwa na milimeta 10 au zaidi, na kuishusha hadi milimeta 3 kwa nyundo kunakula mkaa mwingi. Spiringi ya gari dogo la mizigo ni nyembamba na inapunguza kazi. La pili ni nyufa. Spiringi iliyokatika barabarani inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana karibu na pale ilipokatika, kwa hiyo achukue vipande vya mbali na hapo. La tatu ni uhakika. Akate kipande kidogo, akipashe moto hadi kiwe chekundu, akizimishe kwenye maji, kisha akigonge. Kikivunjika na kuonyesha chembechembe laini za kijivu, ni chuma cha kisu. Kikipinda tu, akiuze kwa kilo.

Baada ya kufua, bapa lizikwe kwenye majivu lipoe polepole ili liweze kupigwa tupa na kutobolewa. Halafu ndipo lipashwe tena kwa ajili ya ugumu. Kipimo cha bei nafuu ni sumaku: chuma kikifika joto la nyuzi 770 hivi za Selsiasi huacha kushika sumaku, na kikiongezwa moto kidogo juu ya hapo huwa tayari kuzimishwa. Kazi hii ifanyike kivulini, maana juani jicho hudanganyika na rangi ya moto. Kizimishwe kwenye mafuta yenye uvuguvugu, si kwenye maji, kwa sababu maji hupoza ghafla na bapa jembamba hupasuka. Oili chafu ya injini hutumika sana, lakini moshi wake ni hatari na kisu hiki kitagusa chakula. Mafuta ya alizeti yanafanya kazi hiyo vizuri.

Bapa likitoka kwenye mafuta ni gumu lakini linavunjika kirahisi. Lazima lipashwe tena polepole hadi uso wake uliosafishwa uonyeshe rangi ya majani makavu, ambayo ni joto la nyuzi 220 hadi 230. Likiachwa lifike rangi ya buluu, limerudi kuwa spiringi: halivunjiki, lakini halishiki makali. Hatua hii ndiyo hurukwa na fundi mwenye haraka, na ndiyo inayorudisha visu vya mteja karakanani.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie chuma kisichoshika kutu kama visu vingi vya Ulaya. Aina inayotumika sana huko ina kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu asilimia 15, nayo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,000 linalodhibitiwa kwa dakika kadhaa. Tanuri la mkaa na mivukuto haliwezi kutoa hilo kwa uhakika. Mhunzi akubali kwamba kisu chake kitashika kutu kisipotunzwa, na amwambie mnunuzi hivyo waziwazi: kioshwe, kifutwe kikauke na kipakwe mafuta ya kula kila jioni.

MPINI

Visu vya zamani vya Thiers vilikuwa na mipini ya mbao ngumu nyeusi au mbao nyingine ngumu, iliyobanwa pande mbili za chuma kwa ribiti tatu. Mpango huo ni imara na fundi wa hapa anaumudu. Kwa mbao, mkoa wa Njombe ni mkoa wa misitu ya kupandwa. Kampuni ya miwati ya TANWAT imekuwapo tangu mwaka 1949. Hata hivyo paini, ambayo ndiyo imejaa kwenye mashine za mbao, ni laini na hunyonya maji. Mninga au mpingo uliokauka vizuri ni bora, na kwa vipande vya sentimeta 12 fundi anaweza kutumia mabaki ya karakana za samani.

Machinjio ya kisasa hupendelea mipini ya plastiki kwa sababu mbao hunyonya damu na ni ngumu kusafisha. Mwenye bucha anayetegemea kuuza kwa hoteli kubwa auzingatie ukweli huo. Kwa bucha ya kawaida, mpini wa mbao uliozama kwenye mafuta, usio na nyufa wala nafasi kati yake na chuma, unaweza kutunzwa usafi. Mpini wenye ufa haufai, na bwana afya ana haki ya kuukataa.

Umbo la mpini ni suala la usalama. Mikono ya mkataji huwa na mafuta. Mpini uwe na kinundu mbele cha kuzuia vidole na kingine nyuma cha kuegemeza dole gumba, kwa wanaokishika ncha chini. Na kwa kuwa kisu hiki huvutwa kuelekea mwilini, muuzaji mwaminifu atamkumbusha mteja kuvaa aproni nzito, na glavu ya nyuzi za chuma kwenye mkono usio na kisu.

Kuna nafasi nyingine ya soko hapa. Katika nyanda hizi nyama ya nguruwe inaliwa sana, na vifaa vyake havichanganywi na vya ng'ombe, kwa kuheshimu wateja Waislamu. Mipini ya mbao za rangi mbili tofauti inamsaidia muuzaji kuonyesha tofauti hiyo bila maelezo marefu.

HESABU YA MHUNZI

Tuendelee na mfano. Tuseme visu kumi vinagharimu sh. 90,000 kwa chuma, mkaa, mafuta, mbao, ribiti na jiwe la kunolea, na sh. 60,000 kwa malipo ya fundi na msaidizi. Jumla ni sh. 150,000. Kila kisu kinauzwa sh. 25,000.

Vyote kumi vikitoka salama, mauzo ni sh. 250,000 na faida ghafi ni sh. 100,000. Kimoja kikipasuka, faida ni sh. 75,000. Vitatu vikipasuka, faida ni sh. 25,000. Vinne vikipasuka, mauzo ya sita ni sh. 150,000, yaani mhunzi amefanya kazi bure. Hata tukitoa gharama ya mipini ambayo haikufungwa, picha haibadiliki sana.

Msomaji ataona kwamba hesabu hii inafanana na ile ya bucha. Mwenye bucha hupoteza faida mfupani, mhunzi huipoteza ndani ya ndoo ya mafuta. Kwa hiyo anayetaka kumkopesha mhunzi au kuingia naye ubia asianze kwa kumuuliza bei ya spiringi. Amwombe atengeneze visu kumi mbele yake, kisha ahesabu vilivyofika mwisho. Avipinde kidogo ncha zake kwenye jiliwa, avikatie kamba nene, na kuona vingapi vimerudi vilivyokuwa.

UKUBWA WA SOKO

Hapa ndipo mwekezaji mwenye shauku anapotakiwa kupunguza mwendo. Kisu kizuri hakinunuliwi kila mwezi. Tuseme muuzaji amewafikia wenye bucha 100 kati ya Makambako, Njombe na vituo vya njiani, kila mmoja anahitaji visu 2, na kila kisu kinadumu miaka 2. Hayo ni mahitaji ya visu 100 kwa mwaka, au viwili kwa wiki. Kwa mfano wetu wa kisu kimoja kupasuka kati ya kumi, faida ghafi ya visu viwili ni kama sh. 16,700 kwa wiki. Hicho si kiwanda. Ni bidhaa moja zaidi katika karakana inayofua pia mapanga, majembe na nyengo.

Mtu asinunue mashine kubwa kwa ajili ya visu 100. Historia ina onyo. Viwanda viwili vya zana za kilimo vilivyojengwa na serikali, UFI cha Ubungo na ZZK cha Mbeya, viliyumba vilipokabiliwa na zana nafuu za kutoka nje baada ya biashara kufunguliwa. Anayeshindana kwa wingi na kwa bei peke yake anacheza kwenye uwanja wa mgeni. Na visu vya kutoka nje vipo. Mwenye bucha akipata cha chuma kisichoshika kutu, kilicho imara na kwa bei ile ile, ana sababu nzuri ya kukichukua.

Mhunzi wa hapa ana kitu ambacho meli haileti, nacho ni kunoa. Bucha 30 tu zikimpa visu 2 kila wiki kwa sh. 1,000 kila kimoja, anapata sh. 60,000 kwa wiki, zaidi ya mara tatu ya faida ya kuuza visu viwili. Fedha hizo hazihitaji spiringi wala mkaa. Zinahitaji jiwe, maji ya kupozea na siku maalumu ya kupita kwa wateja. Angalizo moja: mashine ya kunolea ikiachwa ipashe bapa hadi liwe la buluu, ugumu umekwisha. Kisu kichovywe kwenye maji kila mara.

Kwa mtazamo huo, kisu ni mlango wa kumpata mteja, na kunoa ndiko kunakoleta mapato ya kila wiki. Ndiyo maana noleo fupi, ambalo linaonekana kama jambo la urembo tu, ni uamuzi wa kifedha.

JINA LA BIDHAA

Somo la mwisho kutoka Thiers linahusu jina. Wengi duniani wanalijua jina Sabatier kwenye visu vya Kifaransa na hudhani ni kampuni moja. Si moja. Jina hilo lilianza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa familia mbili zisizo na undugu, halikulindwa mapema, na watengenezaji wengi wakalitumia, wazuri na wabaya. Hadi leo mnunuzi hana budi kuangalia maneno na alama zilizo kando ya jina hilo ili ajue ananunua cha nani.

Mhunzi anayepata sifa Makambako ataigwa kabla ya mwaka kuisha, na visu vilivyoruka hatua ya rangi ya majani makavu vitauzwa kwa jina lake. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili hufanywa na BRELA. Alama iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Alama iwe fupi, iweze kugongwa kwa patasi kwenye chuma kabla hakijazimishwa. Ushauri kwa wajasiriamali wadogo unapatikana pia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hiyo.

USHAURI WETU

Kwa mwenye bucha: usinunue kisu kipya kwa sababu ya makala haya. Kwanza, jioni moja, chukua mifupa ya paja lililotolewa steki, ipange mezani, ikwangue nyama yote iliyobaki na uipime kwenye mizani. Zidisha uzito huo kwa tofauti ya bei ya steki na bei ya mifupa. Ikiwa kwa kila ng'ombe unapoteza nusu kilo tu, kwa bei za mfano wetu hiyo ni sh. 4,500, na kisu cha sh. 25,000 kitarudisha fedha yake ukifika ng'ombe wa sita. Ikiwa unauza mchanganyiko peke yake, huna haja nacho.

Kwa mhunzi: tengeneza vitano, uwape wakataji watano wenye uzoefu wavitumie kwa mwezi mmoja, uvipitie kila wiki kuvinoa, na uandike kilichovunjika na kilichopinda. Vipimo vya toleo la pili vitatoka kwenye daftari hilo.

Kwa mwekezaji: weka fedha kidogo, na uziweke kwenye fundi aliyekwisha kuonyesha kwamba visu tisa kati ya kumi vinafika mezani. Dai kuona daftari la kunoa kabla hujadai kuona daftari la mauzo.